Jeannine Kisimba na Nyumba Inayokunywa Mvula

Mimi sikununua nyumba. Nilinunua mabati, madirisha ya chuma na milango minne ya mbao ya mulombwa, vitu ambavyo kwa bahati mbaya vilikuwa bado vimeshikamana na kuta. Mjane wa mmiliki wa mwisho aliniuzia vyote, pamoja na hati ya lupangu, ndiyo kiwanja, mwaka 1997, baada ya majeshi kupita Kamina, kisha akapanda treni kwenda kwa watoto wake Likasi. Nilifunga mlango kwa mnyororo nikangoja. Bati haliozi haraka, na vita vikiisha kila mtu hutaka kuezeka.

Vita viliisha, vikaanza vingine. Nikaendelea kungoja.

Nyumba yenyewe iko upande wa nyumba za reli, mwisho wa barabara ya mikaratusi. Aliijenga mhandisi mmoja Mbelgiji mwaka 1956, akaishi humo miaka minne, akaondoka kama wenzake. Ni ndefu, ya kimo kifupi, na paa lake lilikuwa kichekesho cha kartier nzima, mtaa wote. Paa la mtu mwenye akili lina mgongo juu, maji yanashuka pande mbili. La hii lilikuwa kinyume: pande zote mbili zilishuka kuelekea katikati, kama viganja viwili vinavyokinga kitu. Watu walisema yule mzungu alikuwa amelewa siku ya kuichora. Kila aliyeishi humo baada yake alilalamika kitu kimoja, kwamba ikinyesha nje inanyesha na ndani.

Mwezi wa nane mwaka 1999, Gamaliel, mfanyabiashara wa mahindi wa Kaniama, alinitumia ujumbe. Alitaka manjanja yote, yaani mabati, kwa ajili ya ghala lake. Lori lake lingekuja mwisho wa mwezi wa kumi, akipata mafuta. Basi nilichukua ufunguo nikaenda kuyakagua.

Mnyororo ulikuwa mahali pake. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Ndani nilimkuta mwanamke amepiga magoti, anasiliba ukuta kwa udongo wa kichuguu, vidole vimekunjwa kama anayebembeleza mtoto.

"Weye ni nani?" nikamwuliza.

"Jeannine Kisimba. Na weye?"

"Minyi njo mwenye nyumba." Kwa Kiswahili cha Kamina, mimi ndiye.

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, bila haraka. "Papa, mwenye nyumba gani anaacha nyumba yake inalia hivi?"

Nikakaa juu ya kizingiti, akaniambia habari zake huku akiendelea kusiliba, maana huyu mwanamke hasimamishi mikono kwa sababu ya mdomo.

Alizaliwa kijiji cha karibu na Ankoro, kwenye nyumba ya wafinyanzi. Kwa mama yake hakuna aliyemwuliza mtoto wa kike anataka kazi gani. Akiwa na miaka tisa alikanda udongo. Akiwa na kumi na miwili aliweza kugonga chungu kibichi kwa ukucha na kusema kitapasuka motoni au la. Shule aliiacha darasa la nne. Aliolewa na Banza, mchuuzi wa samaki wakavu, ambaye alikuwa anambebea vyungu kwa kinga, ndiyo baiskeli, hadi soko la Kabongo. "Safari ya kwanza alivunja tatu," alisema. "Akakuja kuomba musamaha. Hakurudia kwao."

Vita vilipofika kwao mapema mwaka ule, familia iliondoka kwa miguu. Banza alichukua njia nyingine na baiskeli yenye magunia, wakaahidiana kukutana Kabongo. Jeannine alimngoja pale wiki tatu. Hakufika, wala hakuna aliyemwona amekufa. Akaendelea hadi Kamina na watoto watatu na mama mkwe wake, Nkambo Kabange, ambaye sehemu ya njia alimbeba mgongoni. Katika vitu vyake vyote vya kazi alifika na kimoja tu: kijiwe cheusi cha kung'arishia vyungu, alichokuwa amekifunga kwenye pindo la kitenge.

Nilimwambia wazi kwamba nitaibomoa nyumba mwezi wa kumi.

"Sababu gani?"

"Inavuja. Nyumba yenye kuvuja bei yake ni bei ya manjanja."

"Na kama haivuji?"

Hapo nikafikiri kama mtu wa biashara. Nyumba isiyovuja ina thamani kuliko mabati yake. Na nyumba yenye watu ndani hailali na wezi. Nikamwambia: mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, nitakuja kusimama humu ndani. Tone likinidondokea, mnatoka na mimi nabomoa. Nikiwa mkavu, tutaongea.

"Tutaongea nini?"

"Tutaongea."

"Sawa," akasema. "Lakini utasimama mahali minyi nitakuonyesha."

Niliporudi baada ya wiki moja, nilimkuta amelala kifudifudi katikati ya sebule, shavu kwenye sakafu. Nilidhani anaumwa. "Hapana," akasema bila kuinuka. "Sakafu inashuka." Alisimama, akachota maji kikombe kimoja, akayamwaga mlangoni mwa chumba cha kwanza. Maji yalitambaa hadi katikati ya sebule yakasimama. Akamwaga mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Yote yalikwenda pale pale, kama mbuzi wanaojua zizi lao. Nimepita juu ya ile sakafu mara ngapi sijui, na mguu wangu haukuwahi kuniambia.

Mahali maji yaliposimama, mpangaji fulani alikuwa amejenga jukwaa la sima, ndiyo saruji, la kuwekea mbabula, jiko la makaa. Jeannine alilivunja kwa siku mbili. Chini yake lilitokea birika la mawe, duara, upana wa mikono miwili, na sehemu ya chini bomba linalopita ndani ya msingi hadi bustanini. Ndani ya birika, pembeni, kulikuwa na kisiki cha musuku, mti wa matunda ya porini. Kisiki kilikuwa na makovu mengi: kila mwaka kilichipua kwenye ufa wa sima, na kila mwaka mtu alikikata. Musuku hauhamishwi, kila mtu wa huku anajua, ukiung'oa unakufa. Kwa hiyo mti ulikuwepo kwanza. Yule mzungu aliuzungushia mti nyumba.

Halafu ukuta. Nyuma ya birika ulisimama ukuta mmoja mpana kutoka sakafuni hadi darini, umepakwa chokaa tabaka juu ya tabaka, umemomonyoka nusu. Jeannine aliusugua kwa maji na mchanga. Chini ya chokaa kulikuwa na vitu vimepachikwa kimoja kimoja: kokoto za mtoni, magamba ya kome, vipande vya sahani, vipande vya malakiti, lile jiwe la shaba, na mawe ya chuma yenye kutu. Nilivitazama, vyote vya kijivu na vumbi.

"Ni takataka zimebandikwa," nikasema.

"Muntu hawezi kubandika takataka elfu kumi kwa mustari," akajibu.

Mahali palipomomonyoka aliamua kujaza kwa vigae vyake. Alichimba udongo bondeni, akautwanga na ule wa kichuguu, akaviringisha kamba iliyosokotwa juu yake ili iache alama za kwao, akavichoma uani kwa magome ya miti. Nilikuja siku moja kukuta vimepangwa juu ya majani ya mgomba, vyekundu, vyeusi, rangi ya asali. Alikuwa akiving'arisha kwa kijiwe chake hadi uso wangu ukaonekana ndani. Nikakaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Ila kazi hiyo yote ilikuwa bure bila paa, na yeye alijua. Aliinua kidole juu ya birika. "Angalia misumari." Mabati ya pale katikati yalikuwa mengine, saba, yamelazwa bapa, ncha za misumari yake nene kuliko nyingine. "Hapa palikuwa wazi."

"Nani anajenga nyumba anaacha tobo katikati?"

"Muntu anataka mvula iingie." Akachukua chungu, akakifunika na kifuniko, akamwaga maji juu. Maji yakamwagika pembeni, yakalowesha miguu yangu. "Njo vile munafanya. Paa inaleta mayi hapa, ninyi munafunika. Mayi inarudi nyuma, inaingia mu vyumba."

Nimeuza mabati Kamina miaka ishirini. Niliuza mabati hata kwa wapangaji wawili wa nyumba ile ile. Sikuwahi kuuliza maji yaende wapi. Lakini nilitaka kujua kwa nini wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameziba.

Aliyenijibu ni Nkambo Kabange, kutoka kwenye mkeka wake. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, na sauti yake haikujua kwamba mwili ni mdogo. Alisema katika vijiji vyao, mwenye nyumba akifa, paa hutobolewa, ili anayepita ajue humo kuna kilio. Hakuna mtu wa kule atakayehamia chini ya tundu na kulala. Siku ya kwanza anaziba, siku ya pili anapanga vitanda. Mimi watu wangu wametoka Maniema, ni Waislamu, sisi tunajua kufa kwa namna nyingine. Kwa hiyo tundu kwangu lilikuwa tundu tu.

"Basi tulifungue," nikasema.

"Nani?" akauliza bibi. "Banza njo mwenye nyumba ya hawa batoto. Ukitoboa, umesema amekufa. Minyi niko hapa naishi, munazika mutoto yangu bila mwili?"

Nilimgeukia Jeannine. Alikuwa ameinamia vigae, anasugua kimoja kilichokwisha kung'aa.

Mwezi wa kumi ulianza. Mawingu yalikuja mchana, yakakaa, yakaondoka. Ndege za jeshi zilipita kuelekea kambini. Nilimwambia Jeannine kwamba siku zimebaki chache, ni paa au barabara. Akasema, "Si minyi njo nitasema. Ongea na mama."

Nikaenda kufanya kazi ninayoiweza. Nilibeba vipande viwili vya sabuni na chumvi, nikaviweka mbele ya mkeka.

"Sabuni inatoboa paa?" akauliza Nkambo.

"Hapana, mama. Inafungua mazungumzo."

"Basi funga. Nitaoga kesho."

Nikaanza mbali. Nikamwuliza, huko kwao tundu la msiba hutobolewaje? Kutoka ndani, akasema, kwa nguzo ya nyumba, na ndugu wa marehemu, alfajiri. Na bati au nyasi? Nyasi, zinatupwa chini, hazirudi. Nikasema: kwa hiyo likifunguliwa kutoka juu, mchana, na mtu asiye wa ukoo, kwa kung'oa msumari mmoja mmoja, na bati likashushwa zima bila kutupwa, hilo ni nini?

Alitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni. "Hiyo ni kazi," akasema hatimaye. "Lakini usitume muntu. Weye mwenyewe unapanda."

"Mama, niko na miaka hamsini na mbili."

"Tobo haina haraka. Panda polepole."

Nilikubali. Niliona ni bei rahisi, nikapeana naye mkono kabla hajabadili mawazo. Sikumwuliza kama kuna kingine.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilikuwa juu ya paa na koleo la kung'olea misumari. Kutoka kule niliona kitu ambacho hakuna mtu aliye chini aliyewahi kukiona: zile pande mbili zinavyoshuka kwa upole uleule, mstari mmoja bila kosa, na uwanda wote wa Kamina umelala pembeni, reli zikitoka kila upande. Nilijua bei ya kila kitu kwenye lile paa. Nilisahau bei kwa muda.

Majirani walikusanyika. Bati la kwanza lilipoinuka, wanawake wawili walianza kulia kilio cha msiba. Nkambo alitoka na fimbo yake hadi getini. "Nyamazeni. Munaona muntu analia humu? Ni papa Alimasi anafanya kazi. Kama munapenda kulia, lilieni magoti yake." Wakacheka, kilio kikakatika. Niliposhusha la saba, mwanga uliingia wote kwa pamoja, ukagonga ukuta. Chini yangu Jeannine alikuwa amesimama ndani ya birika, ameinua uso, amefumba macho.

Gamaliel alifika na lori tarehe ishirini na nane. Mtu mnene, mchangamfu, anayefunga mkataba kabla hajakaa. Tulikuwa bado getini mvua ilipoanza, ile ya kwanza inayokuja na upepo na harufu ya vumbi. Tukakimbilia ndani. Jeannine alinishika kiwiko akanisimamisha mahali pangu, hatua mbili kutoka birika. "Hapa," akasema.

Mwanzo ilikuwa kelele tu juu ya mabati. Halafu maji yalifika ukingoni pande zote mbili yakaanguka, si kwa fujo, kama mapazia mawili membamba, na upepo ukalisukuma pazia moja juu ya ukuta.

Ukuta ule wa kijivu ukabadilika mbele yetu. Sijui kusema vizuri zaidi. Malakiti ilikuwa jiwe la vumbi, ikawa kijani cha mafunjo. Vipande vya sahani vikawa maji, bluu juu ya bluu. Mawe ya kutu yakawa ardhi baada ya mvua. Na kulikuwa na bata, kundi zima, wakiruka kutoka mabwawani. Tulikuwa tumeishi nao pale na hakuna aliyewaona, kwa sababu walikuwa wametengenezwa waonekane wakiwa wamelowa. Mbawa zao zilipokatika, palipokuwa pamemomonyoka, vigae vya Jeannine viliendelea, vyekundu na vya asali, na alama za kamba zikawa mawimbi. Maji yaliteremka juu ya yote hayo, yakaingia birikani, yakazunguka kisiki, ambacho kilikuwa kimetoa majani matano, yakaondoka chini ya ukuta. Bustanini tuliyasikia yakitoka.

Ilinyesha saa nzima. Vyumbani hakukuwa na tone. Watoto walikaa ukingoni mwa sakafu, mikono imenyooshwa. Nkambo aliomba asogezwe karibu, akatazama ule ukuta, akataja kwa Kiluba majina ya ndege mmoja mmoja. Mimi nilikuwa mkavu. Niligusa bega langu, hata kofia.

Mvua ilipopungua Gamaliel alinivuta kando, barazani. "Alimasi, acha manjanja. Nataka nyumba. Yote. Utaje bei."

Sikuhitaji kutaja, alitaja mwenyewe, na alichotaja kilikuwa kikubwa kuliko ndoto yangu ya mchana. Mlango ulikuwa wazi na Jeannine alisikia. Nilimwona akiinama, akaanza kukusanya vigae vilivyobaki ndani ya kitambaa, taratibu, kama mtu aliyewahi kuhama. Alikuwa ameitengeneza vizuri mno, na hilo ndilo lingemtoa.

Nilifungua mdomo nimjibu Gamaliel. Nkambo akawahi.

"Alimasi," akasema. Si papa. "Kuja hapa. Nani alifungua paa ya hii nyumba?"

"Ni minyi, mama. Unajua."

"Kwetu, muntu anaweka mukono juu ya paa ya muntu hayuko, ni muloko yake. Mudogo yake. Na muloko hafukuzi batoto ya ndugu yake. Kama si muloko, ni mwizi. Sasa sema mbele ya huyu bwana: weye ni nani?"

"Hukuniambia hivyo siku ile."

"Hukuuliza."

Gamaliel alicheka hadi akashika nguzo. "Amekuuza, mzee. Nimekuja kutoka Kaniama kuona Alimasi anauzwa."

Ningeweza kusema kwamba mila yao si yangu. Ni kweli, si yangu. Lakini kulikuwa na kartier nzima iliyoniona juu ya lile paa, na Kamina mfanyabiashara ana kitu kimoja asichoweza kununua tena kikivunjika, ni mkono aliompa mtu. Hayo ni ya hesabu. Mengine ni haya: nilitazama ule ukuta, ukiwa unaanza kukauka, bata wakirudi kijivuni mmoja mmoja, na nikajua kwamba Gamaliel angeweka jenereta pale, na bati juu yake.

"Minyi ni mudogo yake Banza," nikamwambia Gamaliel. "Haiuzwi. Chukua yale saba niliyoshusha, na nitakutafutia mengine mjini."

Alikunja uso, akabishana juu ya yale saba hadi lori likawashwa, akayachukua.

Tukaenda kwa shefu, mkuu wa kartier, tukaandika: Jeannine Kisimba anakaa humo na watoto na mama, hadi Banza aje; asipokuja, anakaa. Vyungu vyake vinauzwa dukani kwangu. Jeannine alisoma karatasi mara mbili, kwa darasa lake la nne, kidole chini ya kila neno, akaweka sahihi. Hakunishukuru. Tulipotoka nje alisimama.

"Mufereji wa bustani umekula udongo," akasema. "Nataka sima. Mufuko moja."

"Nusu."

"Muloko wa Banza analeta nusu mufuko?"

"Nusu, na mchanga nabeba mimi."

Alifikiri. "Mufuko moja," akasema, "na muchanga unabeba weye."